Bao na Nyumba Yake

Mtu akishuka Mwenge, katika Wilaya ya Kinondoni, akaupa kisogo mvumo wa daladala na kupenya baina ya vibanda vya soko la vinyago, hupokewa na sauti kabla ya kuona kitu: tezo inayochana ganda la mti, patasi inayogongwa taratibu, msasa unaokwaruza. Kisha macho huzoea kivuli, na bidhaa zikajitokeza moja moja. Vinyago vya mpingo. Vinyago vya miti myeupe vilivyopakwa dawa ya viatu vikajifanya mpingo. Simba, twiga, barakoa, vijiko vya saladi. Na miongoni mwa hivyo, aghalabu chini kabisa, karibu na miguu ya mwenye duka, mabao.

Ni nadra duka jipya kufunguliwa mahali hapo bila ya kuwa na mabao yake. Hupangwa kwa ukubwa, makubwa nyuma na madogo mbele, na kila moja lina kifuko cha kete pembeni. Mgeni huliokota moja, akalifungua na kulifunga kama kitabu, akatia kidole ndani ya shimo, kisha huuliza swali ambalo kila muuzaji amelisikia mara elfu: huchezwaje? Jibu hutegemea bahati. Akimkuta muuzaji aliyekulia penye baraza, atavutiwa kigoda, na saa nzima itapita. Asipomkuta, ataambiwa kwamba unaokota kete, unazimwaga moja moja, unakusanya, na aliyekusanya nyingi ndiye mshindi. Maelezo hayo si ya uongo. Ni ya mchezo mwingine.

Hapo ndipo penye suala la makala haya. Mwambao wa Waswahili haukosi michezo ya mezani na barazani: bao, karata, dhumna, keramu, drafti, dadu. Kila mmoja una vifaa vyake, na vifaa hivyo hununulika. Lakini mchezo si kifaa. Mchezo ni kifaa pamoja na lugha inayokiendesha, na lugha hiyo haimo katika kifuko cha kete. Soko la Mwenge ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo, kwa sababu hapo mti na maneno vimeachana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Mabao yauzwayo Mwenge ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Namna ya pili ina safu mbili tu za mashimo sita sita, na kwenye kila ncha pana shimo refu la akiba. Hili la pili ni jepesi, hukunjwa katikati likaingia ndani ya begi la msafiri, na pengine ndiyo sababu hupendwa na wauzaji. Lakini si bao la Kiswahili. Umbo lake linalingana na ule mchezo uitwao Kalah, ambao Mmarekani mmoja, William Julius Champion, aliutunga mwaka 1940 kutokana na michezo ya jamii hii aliyokuwa ameisoma, kisha akaufanyia biashara nchini kwake. Safu mbili zipo kwa asili katika Afrika ya Magharibi na katika nchi za Kiarabu, hilo halina ubishi. Lakini mtalii anayeondoka Mwenge na ubao wa safu mbili akiamini kwamba amechukua kipande cha pwani ya Waswahili, anarudi na mchezo ambao huenda jirani yake anao kabatini.

Mchongaji asilaumiwe kwa hilo. Wachongaji wengi wa Mwenge ni Wamakonde au wanafunzi wa Wamakonde, na historia yao ni ya watu waliojua kulisikiliza soko. Walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wakachonga jioni baada ya kazi, wakauza kando ya barabara, wakawafuata wateja hadi Dar es Salaam. Ule mtindo wa vinyago uitwao shetani, ambao leo wengi huudhani ni wa kale, unahesabiwa kuwa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa. Miaka ya 1980 ndipo wachongaji na wauzaji walipokusanyika Mwenge, na pakawa soko kubwa la vinyago la mji. Watu waliozoea kumpa mnunuzi kile anachokitafuta hawakushindwa kumpa ubao unaokunjwa. Wala ukata hauna adabu: mtu mwenye karo ya kulipa hatakataa kuchonga mashimo kumi na mawili eti kwa sababu wazee wa Mombasa walicheza kwenye thelathini na mawili.

Lakini liko jambo moja ambalo hata katika ubao wa safu nne mara nyingi halimo, nalo ndilo la kusikitisha zaidi. Katika ubao wa kweli wa bao la Kiswahili, shimo moja la kila mchezaji halichongwi duara. Huchongwa mraba. Nalo ni lile la nne kutoka mkono wa kulia katika safu ya mbele. Jina lake ni nyumba.

Msomaji aliyecheza bao hahitaji kuelezwa nyumba ni nini, na asiyecheza ataridhika na machache. Mchezo huanza kwa kete sita ndani ya nyumba na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani kwake. Kete 22 zilizobaki za kila mchezaji ziko mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu mchezaji hutia kete moja ya mkononi katika safu yake ya mbele, na iwapo shimo alilotia lina kete tayari na shimo la adui lililolikabili nalo lina kete, hula. Kula si kutoa kete nje. Kete zilizoliwa huingia upande wa aliyekula. Huanza kumwagwa kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia au kushoto, na kama kete ya mwisho imeangukia penye kete, mchezo unaendelea, na pengine mla hula tena na tena katika zamu hiyo hiyo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Asiyekuwa na la kula hutakata, yaani husogeza kete zake bila ya kumdhuru mwenziwe. Kete za mkononi zikiisha pande zote mbili, huingia hatua ya mtaji, na hapo ndipo watazamaji hunyamaza. Aliyemalizikiwa na kete za safu ya mbele amefungwa. Akifungwa kabla ya kete za mkononi kwisha, huambiwa kafungwa mkononi, na aibu yake haiishi siku hiyo.

Nyumba ina hukumu zake ndani ya haya yote. Mchezaji anayemwaga kete, ya mwisho ikamwangukia ndani ya nyumba yake ingali na akiba ya kutosha, anayo hiari ambayo hana katika shimo jingine: anaweza kuiacha nyumba ilale, au anaweza kuitoa yote safarini. Akiilaza, amehifadhi. Akiisafirisha, amezimwaga kete zake zote ubaoni kwa matumaini kwamba safari itamrudisha na ngawira, na nyumba ile haitajengeka tena kama ilivyokuwa. Hakuna mchezaji wa bao asiyeujua ule muda mfupi ambapo mkono umesimama juu ya shimo la mraba, na barazani kila mtu anatoa ushauri wake kwa sauti ya juu ilhali kanuni ya adabu inakataza.

Sasa ayatazame msomaji maneno hayo yalivyo: nyumba, safari, kichwa, mtaji, kulala, kutakata, kunamua. Hakuna hata moja lililoazimwa kutoka nje kwa ajili ya mchezo. Kunamua ni kukinasua kilichonasa. Kutakata ni kuwa safi. Mtaji ni mali ya kuanzia biashara, na hata neno hilo, lenye harufu ya soko na majahazi, limepewa kazi ya kutaja mwendo wa kula. Haya ni maneno ya watu wanaoishi kwa kusafiri na kurudi, wanaoweka akiba na kuihatarisha. Philip Townshend aliyeandika makala ya mwaka 1982 katika jarida la Paideuma aliona katika bao maadili mazima ya Waswahili yaliyosemwa kwa lugha ya Kiafrika. Mtu anaweza kudhani kwamba alitia chumvi kidogo, kwani wataalamu hupenda kuona falsafa mahali ambapo watu wanaona mchezo. Lakini yeyote aliyezisikia barazani nahau hizi zikitumika kumteta jirani aliyeiuza nyumba yake ya kweli, matofali na bati, ili apate nauli ya kwenda Arabuni, atakubali kwamba mwandishi huyo hakukosea sana.

Washairi waliligundua jambo hili mapema zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban baina ya 1776 na 1840, ana shairi juu ya bao. Haidhuru msomaji alifasiri shairi lile kama mchezo mtupu au kama fumbo. La muhimu ni zama zake. Muyaka aliishi katika Mombasa ya Wamazrui, mji uliokuwa ukizungukwa polepole na nguvu ya Seyyid Said hadi ukaanguka mwaka 1837. Katika mji wa namna hiyo, picha ya watu wawili waliokaa kitako wakikabiliana, kila mmoja akizihesabu kete za mwenzake kimoyomoyo, haikuhitaji maelezo. Mashairi yake yalisalimika kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyahifadhi na W. E. Taylor akayaandika, W. Hichens aliyachapisha mwaka 1940 katika Diwani ya Muyaka, mwaka ule ule ambao Champion alikuwa akiutunga mchezo wake huko Marekani. Hayo mawili hayana uhusiano. Lakini ni vigumu kuzikuta tarehe hizo pamoja bila ya kusita kidogo.

Lugha ya kila siku nayo imechota humo. Bao ni ubao uliokuzwa, kisha ni mchezo, kisha ni chombo cha mganga apigaye ramli, ambaye naye husemwa kuwa anapiga bao. Na mtangazaji wa mpira anapopaza sauti kwamba timu imepata bao, anatumia neno lililotoka barazani likaingia uwanjani bila ya kuomba ruhusa. Vijana wanaotoka Mwenge kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa huko Temeke hulitamka neno hilo mara nyingi kwa siku, hata wale ambao hawajapata kugusa kete.

Karata zina hadithi nyingine, na pengine ya ajabu zaidi, maana hizo zilikuja na bahari. Maneno yenyewe yanatoboa siri. Karata ni carta ya Kireno. Shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, na turufu, neno ambalo leo hata mwanasiasa hulitumia bila ya kuwa na karata mkononi, ni trunfo. Wareno waliianza Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698, wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na kutolewa mwaka uliofuata. Walichoacha katika Kiswahili si kingi ukilinganisha na muda waliokaa: maneno ya meza, mvinyo, leso, bendera, gereza, na haya ya karata. Lugha imewahukumu kwa haki. Wakumbukwa kwa gereza lao na kwa mchezo wao.

Lakini kipo kisa ndani ya kisa. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaonyesha kwamba karata zenye picha ziliitwa wazungu, nao wakatofautishwa kwa hesabu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Kwa nini nne, tatu na mbili, na si moja, mbili, tatu? Jibu linalokaa vizuri zaidi limo katika michezo ya Wareno iitwayo bisca na sueca. Humo ree huhesabiwa pointi 11, saba huhesabiwa 10, mfalme 4, ghulamu 3 na malkia 2. Yaani wazungu wale hawakupewa cheo, walipewa bei. Na ukizijumlisha pointi hizo kwa rangi zote nne, unapata 120. Anayepita nusu ameshinda, na nusu ikipitwa kwa moja ni 61. Sasa watu wa mwambao wanao mchezo wa karata unaoitwa wahedi wa sitini, ambao ni sitini na moja kwa Kiarabu.

Ajabu ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Hesabu ya Kireno, jina la Kiarabu, wachezaji Waswahili, na picha za Wazungu zikiuzana kwa pointi mbili mbili. Si lazima mchezo huo uwe umeletwa na askari wa Ngome ya Yesu. Ungeweza kuja baadaye kutoka Msumbiji, au pamoja na Wagoa waliofanya kazi Unguja na Mombasa. Njia zilikuwa nyingi na kuchagua moja ni kubahatisha. Lililo wazi ni kwamba hakuna kitabu kilichoihifadhi safari hiyo. Imehifadhiwa na vinywa vya watu waliokuwa wakicheza, wakilaumiana, wakiibiana karata, huku wazee wa dini wakiwapitia kando na kuguna.

Michezo mingine na ipitwe kwa haraka. Keramu ililetwa na Wahindi, ikiwa na vipande vyake tisa vyeupe, tisa vyeusi na kimoja chekundu, na unga unaonyunyizwa ili ubao uteleze. Dhumna imekuwa ya Unguja kabisa. Atakaye kuithibitisha na apite jioni Jaws Corner, katika Mji Mkongwe, asikie vipande vikibamizwa mezani mpaka vikombe vya kahawa vikaruka. Drafti ni ya bara na mwambao pamoja, na katika vijiwe vya Kinondoni na Temeke huchezwa kwa vizibo vya soda, vya upande mmoja vikiwa vimefudikizwa na vya upande mwingine vimelala chali. Huo wa vizibo ndio mchezo usiouzwa dukani hata kidogo, na labda kwa sababu hiyo hauna wasiwasi. Hakuna mtalii aliyewahi kununua vizibo.

Wageni waandishi wamelishughulikia bao kwa zaidi ya karne moja. Askofu Steere aliyetoa kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870 hakuacha kulitaja. Stewart Culin wa Marekani aliandika mwaka 1894 makala aliyoiita kwa kujiamini kabisa mchezo wa taifa wa Afrika, ingawa sehemu kubwa ya alichokiona kwa macho yake kilikuwa kwenye maonyesho na ndani ya makabati ya makumbusho. Aliyekaa kitako barazani ni Alex de Voogt kutoka Uholanzi, aliyejifunza kwa mabingwa wa Zanzibar na kutoa kazi yake mwaka 1995, iliyohusu mipaka ya akili ya mwanadamu. Huyo alionyesha kwamba bingwa wa bao hukumbuka na kupiga hesabu ya mizunguko mirefu ambayo mtu wa kawaida huipoteza baada ya shimo la kumi. Miongoni mwa waliofanya kazi naye alikuwapo aliyecheza bila ya kuutazama ubao. Kwa mchezo wa sataranji jambo hilo limezoeleka, kwani kila kipande kina sura yake na nafasi yake. Katika bao kete zote 64 ni sawa, na mwendo mmoja huweza kubadilisha hesabu ya nusu ya mashimo.

Wa kwetu hawakukosekana. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao nyumbani Butiama zinajulikana na wengi. Ng'ambo, huko Omani, mchezo wa safu nne uitwao hawalisi unachezwa, na Zanzibar mchezo huo umejulikana kama bao la Kiarabu. Ni ushahidi mwingine kwamba pepo za msimu hazikubeba karafuu na watu tu. Mwaka 2020 UNESCO iliorodhesha katika urithi wa wanadamu michezo ya jamii hii ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki. Nchi hizo tatu ziliketi pamoja zikaandika hoja moja. Waswahili, ambao bao lao ni gumu kuliko karibu kila mchezo wa jamii hiyo, wanayo pia mataifa kadhaa ya kuketi pamoja.

Lakini orodha hailindi mchezo. Turudi Mwenge. Mwendo mfupi kutoka sokoni hapo kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 na kuchapwa tena mwaka 2004. Karibu zaidi, mwaka 2006, ilifunguliwa Mlimani City, na tangu wakati huo mkazi wa Mwenge anaweza kununua karibu na nyumbani kwake michezo ya mezani ya Ulaya na Marekani katika maboksi ya rangi, kila boksi likiwa na karatasi ya kanuni ndani. Karatasi hiyo mtu huidharau, lakini ndiyo tofauti kubwa. Aliyetunga mchezo wa boksi anajua kwamba hatakuwapo utakapofunguliwa. Aliyechonga bao hakuwaza hivyo hata kidogo, kwa kuwa bao halikupata kuwa mahali ambapo hapana mtu wa kulifundisha. Baba, ami, mjomba, mzee wa baraza asiyeudhika na swali la mtoto: hao ndio walikuwa karatasi ya kanuni.

Inawezekana kuziandika kanuni zote na kuzitia ndani ya kifuko, na wapo waliofanya hivyo kwa lugha za kigeni. Hapo pana mtego wake. Kanuni zikiandikwa, nyumba inakuwa shimo maalumu, kulala kunakuwa kumaliza zamu, safari inakuwa kuendelea kumwaga. Mchezo unabaki timamu, kila hesabu ikiwa mahali pake, na mtu wa Oslo au Osaka anaweza kuucheza vizuri. Lakini hataweza kumwambia mwenzake, akiwa ameuinua mkono juu ya ubao, kwamba nyumba yake imechoka kulala. Wala mwenzake hatacheka. Ushairi wa bao umo katika neno moja kuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na neno hufanya kazi mbili pale tu ambapo wasikilizaji wanaishi katika kazi zote mbili.

Kwa hiyo wanaofungua maduka mapya ya mabao, Mwenge au Unguja, wasiulizwe tu wanauza mti gani na kwa bei gani. Waulizwe kama mbele ya duka pana kigoda cha pili. Wapo wauzaji sokoni hapo ambao wateja wakipungua hujichezea wao kwa wao, kwenye ubao mmoja mzee, mzito, ambao hauuzwi, mashimo yake yamelainika kwa vidole. Ubao huo ndio duka. Huyo aliyeketi nyuma yake, akisikia mgeni anauliza, huweza kumwambia aje aketi, akamtilia kete sita mahali pake, mbili na mbili kuliani, na ishirini na mbili viganjani mwake. Mgeni mwenye macho atauliza kwa nini shimo moja ni la mraba, na kama patasi ilikosea. Muuzaji atacheka kwanza. Kisha atamtajia jina lake.